Mabao Kumi na Moja

16 Juni, Jumatatu
King'ora cha kiwanda cha sukari kimelia leo asubuhi na treni za miwa zimeanza kupita. Daktari ameniamuru nikae saa nzima kila siku bila kushona, kwa ajili ya miguu yangu. Mimi sijui kukaa bure, kwa hiyo nimechukua daftari hili. Nitaandika mpaka kiwanda kifungwe Novemba, na ligi nayo itakuwa imekwisha.

Kwetu ligi ni jambo kubwa. Nyumba yetu imepakana na uwanja wa timu yetu, Vatukaloa, na mimi Damyanti ndiye ninayeshona majina na namba kwenye jezi za timu. Habari za usajili hunifikia kabla hazijafika redioni. Nikiambiwa nifumue jina la mtu mgongoni, najua anaondoka, nami hunyamaza.

Wasionyamaza wako barazani. Mume wangu Suruj aliendesha treni ya miwa miaka thelathini na moja, na sasa hana cha kuendesha ila ubishi. Bissun ni kinyozi wa sokoni. Viliame ndiye mtunza uwanja, anayechora mistari kwa chokaa. Kila siku saa kumi Viliame anakuja na mizizi yake ya yaqona iliyotwangwa, wanaikamua kwa maji kwenye bakuli kubwa la mti, wanapokezana kinywaji hicho kwa kifuu, wanaongea mpira hadi jua linapozama. Yaqona ni ya Viliame, jamvi ni langu, na maneno ni ya Bissun.

28 Juni
Tumeshinda mbili bila. Masizi ya miwa yamechafua shuka zote kwenye kamba, nimefua upya.

9 Julai
Leo nimecheka hadi nikajichoma sindano. Eroni, mshambuliaji wetu, alikuwa kwenye kiti cha Bissun ananyolewa. Katikati redio ikatangaza kwamba amesajiliwa na Matasawa, wapinzani wetu wa tangu enzi za babu zetu.

"Nikamuuliza, ni kweli?" Bissun alitusimulia jioni. "Akaniambia ni kweli, kaka. Nikakunja shuka langu."

"Ukamwacha hivyohivyo?" Suruj aliuliza.

"Nimwache vipi? Upande wa kulia ni wa Vatukaloa, nimeumaliza. Wa kushoto akanyolewe Matasawa."

Viliame alicheka hadi akakiweka kifuu chini. Hawakujua kwamba Eroni alikuwa ameshapita kwangu mchana, kofia kichwani, akiomba msaada. Nilimmalizia kwa mkasi wa kitambaa, nikamsema kidogo, nikampa na chapati mbili za njiani. Habari ya kuhama kwake nilikuwa nayo tangu wiki iliyopita.

19 Julai
Tumewafunga Naivisere saba bila. Naivisere ni timu ya vijiji vya juu ya mto, wachezaji wake ni wakata miwa, na kila mwaka wanaponea chupuchupu kushuka daraja. Kipa wao Josateki ni mpwa wa Viliame, mtoto wa dada yake. Ni mfupi kwa kipa lakini anaruka kama chura. Bila yeye zingekuwa kumi na tano.

Barazani Bissun alisema zile saba zilikuwa sanaa tupu.

2 Agosti
Matasawa wameshinda sita bila. Bissun anasema mechi imeuzwa.

"Wiki mbili zilizopita sisi tulishinda saba," Viliame alimwambia.

"Zetu zilikuwa safi."

"Umejuaje?"

"Niliziona kwa macho yangu, bwana."

Viliame alitabasamu, akamkabidhi kifuu. Ndivyo alivyo. Bissun humrushia maneno tangu Januari hadi Desemba, naye huyapokea kama mtu anayepokea mvua akiwa tayari amelowa. Mimi nimekuwa nikidhani hana la kujibu.

23 Agosti
Sare. Suruj amekataa kula.

22 Septemba, Jumatatu
Leo Josateki amekuja peke yake na basi la saa nne. Alinisalimia, akakaa, akaulizia miguu yangu, kisha akatoa mfukoni jezi ya kipa, ya kijani, mpya kabisa. Nembo kifuani ilikuwa ya Matasawa.

"Ni ya msimu ujao, shangazi," alisema. "Katibu wao amenipa mapema. Ligi ikiisha natia saini. Mikono ni mirefu, nataka uipunguze."

"Kwa nini usipeleke kwa fundi wa kwao?"

"Fundi wa kwao ataongea. Wewe huongei." Kisha akasema, "Usimwambie mjomba. Nitamwambia mwenyewe."

Nilimpima, nikatia pini kwenye mikono, nikamwambia aje Ijumaa kuijaribu kabla sijakata. Alifurahi kwa namna ambayo kijana mwenye mke na watoto wawili hafurahi mbele za watu. Niliitundika nyuma ya pazia, baraza zima lisiione.

26 Septemba, Ijumaa
Josateki hakuja. Labda miwa imemshika, kiwanda kimetangaza ratiba ya treni za mwisho kwa vijiji vya juu na kila mkono unahitajika shambani.

Barazani ni hesabu tu. Sisi na Matasawa tuna pointi sawa, tumewazidi mabao nane. Wiki ijayo ni mechi za mwisho. Sisi tunacheza nyumbani, wao wanawapokea Naivisere.

"Tumeshachukua kombe," alisema Suruj.

"Mpaka filimbi ya mwisho," alisema Viliame.

4 Oktoba, Jumamosi
Naandika hapa kwenye meza ya jikoni.

Tulianza vizuri. Uwanja ulijaa hadi juu ya paa la choo. Tulifunga moja kabla ya mapumziko na moja baada yake, tukawa tunaimba. Bissun alikuwa na redio sikioni akitupa habari za Matasawa. Wanaongoza tatu. Tukasema sawa. Wanaongoza tano. Tukasema bado. Mtangazaji wakati wa kuanza alikuwa amesoma majina ya wachezaji wa Naivisere, na golini ni Josateki, kwa hiyo tulikuwa na matumaini. Zikawa saba, zikawa nane. Watu waliokuwa wakiangalia mechi yetu wakaacha, wakamzunguka Bissun kama nyuki. Mpira wetu ukaisha mbili bila na hakuna aliyepiga makofi. Wa kwao ulikuwa na dakika sita zaidi. Bao la kumi na moja liliingia katika dakika ya mwisho kabisa.

Kumi na moja bila. Sisi tuna tofauti ya ishirini na moja, wao wana ishirini na mbili. Wamechukua kombe kwa bao moja.

Jioni hakuna aliyekwenda kwake. Walikaa barazani na watu wengine wengi, na Bissun akasimama katikati.

"Kumi na moja," alisema. "Kipa mzima, mikono miwili, macho mawili, anapitwa mara kumi na moja. Mnataka niamini nini?"

"Naivisere ni timu dhaifu," alisema Viliame.

"Sisi tuliwafunga saba. Na siku ile mpwa wako alikuwa anaruka. Leo kalala?"

"Mimi sikuwepo, Bissun. Na wewe hukuwepo."

"Kala ngapi, Viliame? Sema tu. Sisi ni ndugu hapa."

Viliame alimtazama Suruj, labda akingoja mwenye nyumba aseme neno. Suruj alitazama chini. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la bhajia. Naandika ukweli, kwa kuwa daftari hili halina msomaji mwingine. Nilikuwa na hasira ya kombe kama wao. Nilishona jezi zile kwa miguu iliyovimba, namba moja hadi ishirini na tatu. Na nilikuwa nimechoka kujua jambo na kunyamaza, huku watu wenye kubahatisha wakisikilizwa. Nikasema:

"Jezi ya Matasawa ya Josateki iko ndani, nyuma ya pazia. Aliileta wiki mbili zilizopita."

Viliame aliniangalia, na hakukuwa na hasira usoni mwake, afadhali ingekuwepo. Alimaliza yaqona iliyokuwa kwenye kifuu chake, akakifunika chini kwenye jamvi, akachukua kandambili zake akaondoka.

6 Oktoba
Habari imefika sokoni, kituo cha basi na hekaluni. Mwuza samaki kaniuliza jezi ni ya kijani au ya njano.

8 Oktoba
Viliame hakuja, siku ya nne. Nilimwona akikata nyasi uwanjani. Alipomaliza alitoka kwa lango la upande wa pili, mwendo wa robo saa zaidi hadi kwake.

Yaqona hakuna. Suruj na Bissun wanakunywa chai barazani na maneno hayaendi. Suruj kaniambia, "Ningesema kitu siku ile, mama. Sijui kwa nini sikusema." Nikamwambia aliyepaswa kunyamaza ni mimi.

11 Oktoba
Chama cha ligi kimemwita Josateki ajieleze tarehe kumi na nane. Akionekana ameuza mechi atafungiwa maisha. Bissun aliposoma gazeti nilitegemea atashangilia. Alilikunja, akasema, "Maisha ni mengi," akaenda zake.

Jezi bado imetundikwa. Leo nimeishusha niiangalie vizuri. Pini zangu ziko vilevile.

13 Oktoba, Jumatatu
Nimekwenda Naivisere. Suruj alitaka kunisindikiza, nikamkatalia. Nilichukua basi la asubuhi, jezi kwenye mfuko wa karatasi, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ambayo sikuyatumia.

Mama mkwe wake Josateki alinikaribisha kwa magimbi na samaki wa kopo, akanielekeza shambani. Nilimkuta Josateki ameinama kwenye miwa iliyochomwa, mweusi kwa masizi toka kichwa hadi miguu. Aliponiona alinyooka.

"Shangazi, umekuja na miguu hiyo?"

"Nimekuletea jezi yako. Hukuja kuichukua."

Hakuinyooshea mkono. Alikaa juu ya lundo la miwa, akanipa nafasi na mimi.

"Siku mbili baada ya kukuletea, katibu alinifuata hapahapa," alisema. "Akaniambia, jezi umeshapata, sasa siku ya mechi yetu usijichoshe. Hakusema zaidi ya hapo."

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka kama mjinga. Alipoondoka ndipo nikaelewa nimepewa nini. Ndiyo maana sikuja kwako Ijumaa." Alikuwa anafuta panga kwa jani, upande huu na upande huu. "Nikawaza, nikikaa golini nikafungwa hata mawili, nitaonekana nimefanya alivyotaka. Na kwa Matasawa mawili ni lazima tungefungwa. Nikamwambia kocha mgongo unauma. Siku ya mechi nilikuwa hapa nakata miwa na baba mkwe."

"Lakini redio ilisoma jina lako."

"Ilisoma karatasi ya majina ya zamani, na hata mwamuzi hakuibadilisha."

"Golini alikaa nani?"

"Moti. Dereva wa basi letu."

Namfahamu Moti. Ana tumbo linalogusa usukani. Nilicheka kabla sijajizuia, na Josateki akacheka pia, kisha akafunika uso kwa mikono ile myeusi na mabega yakaanza kutikisika. Nilingoja.

"Wachezaji walikuwa tisa, shangazi. Wengine walikuwa kwenye miwa kwa sababu ya treni za mwisho. Tisa na dereva. Hakukuwa na haja ya kumnunua mtu."

"Kwa nini hukusema haya toka mwanzo?"

"Nimwambie nani? Niwaambie wenzangu niliogopea jina langu, nikawaacha wao wafungwe kumi na moja?"

Kisha nikamwambia nililokuja kumwambia, kwamba aliyetaja jezi ni mimi. Alikata miwa miwili kabla hajajibu.

"Nilijua," alisema. "Hakuna mwingine aliyekuwa anajua."

"Basi tarehe kumi na nane nitakwenda nawe. Niliyasema nusu, nitayasema yote."

Alinisindikiza hadi barabarani. Basi lilichelewa, na wakati wote huo hakunisema hata neno baya moja.

14 Oktoba
Nimewaeleza Suruj na Bissun. Bissun aliuliza mara mbili kama kweli golini alikuwa Moti.

18 Oktoba, Jumamosi
Kikao kilifanyika darasani, wazee watatu wa chama wamekaa nyuma ya meza ya mwalimu na sisi kwenye madawati ya watoto. Suruj alikuja, na Bissun alifunga kibanda chake cha kunyolea siku ya Jumamosi, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa harusi ya binti yake. Viliame alikaa mbele karibu na mpwa wake. Hakugeuka.

Josateki alisema yote, hata lile la kuwaacha wenzake, na kocha wake alikuwa anasikiliza. Wakaniita mimi. Nikawawekea jezi mezani.

"Mama, una hakika hakuichukua baadaye?" mwenyekiti aliniuliza.

"Ishike mikono, bwana. Polepole, utachomwa. Pini hizo nilizitia mimi, na haijajaribiwa na mtu tangu hapo. Kipa aliyekubali kununuliwa angekuja kuchukua nguo yake."

Moti naye aliitwa. Alipoulizwa kama alijitahidi, alisema, "Nilidaka mipira miwili, bwana mwenyekiti. Mmoja kati ya hiyo kwa kukusudia." Darasa zima liliangua kicheko, hadi wazee. Niliona mabega ya Viliame yakitikisika.

Katibu wa Matasawa alikana kwanza. Alipobanwa alikiri kwamba maneno yale aliyasema, ila eti yalikuwa utani.

"Utani wa aina gani?" mwenyekiti aliuliza.

25 Oktoba
Hukumu imetoka. Josateki hana kosa. Katibu amefungiwa miaka miwili. Matokeo yanabaki kama yalivyo, kwa kuwa hakuna mchezaji aliyenunuliwa. Naivisere hawajashuka bado, watacheza mechi moja kuamua.

Kwa hiyo kombe ni la Matasawa, kwa bao moja. Suruj alisikia, akaomba aongezewe wali. Bissun alikaa ukingoni mwa baraza akitazama uwanja mtupu.

"Shemeji," aliniambia, "tukimwendea Viliame, nani anatangulia?"

"Mimi," nikasema. "Jezi niliitaja mimi."

26 Oktoba, Jumapili
Suruj alitafuta mizizi ya yaqona iliyo bora, mizima, iliyofungwa vizuri, kwa kuwa watu wa kabila la Viliame ndivyo wanavyoombana radhi. Niliibeba mwenyewe. Bissun alinifuata amevaa shati la mikono mirefu.

Viliame alikuwa sebuleni na mkewe. Tulikaa chini karibu na mlango, nikaweka mizizi mbele yangu. Nilisema kwamba mpwa wake aliniamini nikatoa siri yake, na kwamba yeye alikaa kwenye jamvi langu miaka mingi nikamwacha ainuke peke yake. Nikaishia hapo.

Bissun alikuwa ametayarisha hotuba, nilimsikia akiijaribu njiani. Ilipofika zamu yake alisema, "Nilisema vibaya," basi.

Viliame aliivuta mizizi upande wake.

"Bissun, nimekujua miaka ishirini," alisema. "Hayo ndiyo maneno machache kuliko yote uliyowahi kusema. Nimeyapokea." Akanigeukia mimi. "Dada, ulipanda basi hadi Naivisere na miguu ile. Dada yangu kaniambia. Hilo nalo nimelipokea."

Nilikuwa nikimwona Viliame kama mtu asiye na la kujibu. Leo nadhani miaka yote hiyo alikuwa anachagua lipi la kujibu.

8 Novemba
Treni ya mwisho ya miwa imepita na kiwanda kimefungwa. Mvua imeanza. Mwenyekiti wa timu yetu kaniletea jezi nyeupe ya kipa nishone jina la Josateki, wanamtaka kwa msimu ujao. Matasawa nao bado wanamtaka, na timu moja ya mjini. Bissun anasema ni mfupi mno, lakini tumsajili haraka kabla hawajamchukua. Viliame akatuambia Josateki hataki kuongea na timu yoyote kabla ya mechi ya Jumamosi ijayo, ile ya kuamua kushuka.

15 Novemba, Jumamosi
Sote wanne tulipanda basi la Moti kwenda kuona kama Naivisere watabaki. Walihitaji sare tu. Mvua ilinyesha tangu filimbi ya kwanza, uwanja ukawa tope, na sisi wa Vatukaloa tulisimama chini ya turubai moja na watu tuliowafunga saba mwezi wa saba, tukila mihogo yao.

Josateki alikuwa golini. Sitaandika mipira yote aliyoiokoa, sikuihesabu. Mmoja aliutoa kwa ncha za vidole ukagonga mwamba, na Suruj akamshika mkono mwuza mihogo asiyemjua. Katika dakika za mwisho wapinzani wote walikuwa ndani ya boksi na Viliame aligeuka nyuma akatutazama sisi badala ya mpira, akisoma nyuso zetu. Filimbi ikalia. Hakuna bao. Wamebaki.

Wenzake walimbeba. Walipomshusha alikuja moja kwa moja kwenye uzio, tope hadi kwenye nyusi, akamshika mjomba wake mkono, kisha akanishika mimi.

"Leo nilikuwepo, shangazi," alisema.

Bissun alikuwa na swali la usajili mdomoni tangu asubuhi. Alilimeza, akamvulia kofia, mvua yote ikamwagika kichwani kwake.